Nyiragongo Haupiti Mlango Mmoja Mara Mbili

Jirani yangu hapa Ruashi ana jiwe jeusi analosugulia visigino. Ni dogo kama ngumi ya mtoto, jepesi kuliko linavyoonekana, limejaa vitundu kama mkate uliochacha vizuri, na ukilishika ovyo linakukwaruza kiganja. Siku ya kwanza nilipoliona kando ya karai lake nilidhani limeokotwa kwenye lile lundo jeusi la Gécamines, lile linalosimama mjini pamoja na bomba lake refu la moshi. Kwa mtu wa Lubumbashi fikra haiendi mbali zaidi ya hapo. Jiwe jeusi lililoungua ni masazo ya shaba. Tangu 1911 tanuri lilichuja shaba, na uji wa mawe uliobaki ukamwagwa ukiwa mwekundu, ukapoa ukawa mweusi, miaka ikapita lundo likawa mlima.

"Hii haiko ya Gécamines, papa," aliniambia. "Hii iko ya kwetu, ya Goma. Ya hapa mulienda kuitafuta chini. Yetu ilikuya yenyewe mpaka mu nyumba."

Kutoka Ruashi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mwendo wa ndege, na katika Katanga yote hakuna mlima wa moto. Shaba tunayoikalia ilijikusanya katika matope ya bahari ya kina kifupi, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, ikatulia ikingoja sululu. Lakini tusijione tuko mbali sana na moto wa jirani. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unashuka toka Ziwa Albert, unapita Edward, Kivu na Tanganyika, kisha vidole vyake vinaingia kwetu, Upemba na Mweru. Tarehe 5 Desemba 2005, Ziwa Tanganyika lilipotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.8, nyumba zilianguka Kalemie. Ardhi inapasuliwa polepole, na pale Kivu ufa umefika kina ambacho mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda.

Njia hizo ni milima ya Virunga. Iko minane mikubwa, na miwili ndiyo isiyolala: Nyamulagira wenye mita 3,058, ambao umelipuka zaidi ya mara 40 tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Nyiragongo wenye mita 3,470. Nyamulagira hulipuka mara nyingi lakini hutapikia porini. Nyiragongo hulipuka mara chache, ila umeelekeza mgongo wake mjini Goma. Wazee wa pande hizo, katika imani za Ryangombe, walisema kwamba roho za watu wema hupumzika penye theluji na ukungu wa Karisimbi, na za waovu hutupwa Nyiragongo ziungue. Mzungu wa kwanza kuchungulia kasoko yake, Gustav Adolf von Götzen, alifika 1894. Miaka zaidi ya 50 baadaye akaja Haroun Tazieff, mtu ambaye sisi wa Katanga tuna haki ya kumdai kidogo, kwa sababu alianza kazi zake za Kongo kwenye migodi ya bati ya huku kwetu. Mwaka 1948 alitumwa kutazama mlipuko wa Kituro, ubavuni mwa Nyamulagira, akageuka mwanavolkano maisha yake yote. Ni yeye aliyeteremka ndani ya Nyiragongo na kuiambia dunia kwamba mle kuna ziwa, ziwa la lava linalochemka na kurusha mawimbi.

Kuna jambo moja kuhusu lava hiyo ambalo lazima lifahamike kwanza, la sivyo yanayofuata hayaeleweki. Lava za volkano nyingi ni kama bukari, yaani ugali. Ni nzito, hujivuta, na mtu mwenye miguu mizima huiacha nyuma. Ya Nyiragongo ni uji. Ina silika kidogo mno, chini ya asilimia 40, na silika ndiyo inayoifanya lava inate. Mlima ukipasuka ubavuni wakati ziwa lake limejaa, uji huo haujivuti. Unamwagika.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la lava lilikuwa limepanda miaka mingi ndani ya kasoko, likawa kama debe la maji lililowekwa juu ya kichwa cha mtu. Kuta za mlima zikachanika kusini, kaskazini na magharibi. Ziwa zima likakauka kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ya juu lava ilikimbia kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pengine zaidi, ikiwa nyepesi hata iliacha kwenye miti ganda jembamba tu, kama maziwa yanavyoacha ukungu kwenye kikombe. Kundi la tembo lilinaswa msituni. Miili ikaungua ikaisha, na katika jiwe yakabaki matundu yenye umbo la tembo. Binadamu waliokufa walihesabiwa na serikali kuwa 70 hivi. Wengine waliokwenda kutazama vijiji vilivyofutika walisema mamia kadhaa. Mtu aliyefunikwa na jiwe hana kaburi la kuhesabu, na karani wa Zaire ya wakati ule hakuwa na haraka ya kupandisha idadi.

Mto huo wa moto ulisimama kabla ya uwanja wa ndege. Goma ulikuwa mji mdogo, ukapona. Huku kwetu, jimbo likiitwa Shaba kwa amri ya Mobutu, habari hiyo haikukaa miezi miwili. Tarehe 8 Machi askari wa FNLC waliingia toka Angola, vita vya Shaba vikaanza, na nani tena angeuliza habari za mlima wa Kivu? Waliokumbuka walikumbuka jambo moja: mlima huu unaua kwa mbio. Funzo hilo lilikuwa la kweli, lakini lilimfanya mtu auangalie mlango mmoja tu.

Mwaka 1994 mlima uliua bila kutoa hata tone la lava. Najua kuna watakaosema naubebesha Nyiragongo mzigo usio wake, kwa kuwa waliokufa mwaka ule walikufa kwa kipindupindu, na kilichowafikisha pale ni vita na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ni kweli. Lakini tazama ardhi waliyofikia. Katikati ya Julai, kwa siku chache tu, watu wapatao 800,000 au zaidi walivuka mpaka wa Gisenyi na kumwagika Goma na kandokando yake, Kibumba, Katale, Mugunga. Chini ya miguu yao palikuwa na lava ya zamani, ngumu kama sakafu ya saruji. Mahali pengine mkimbizi akifika na jembe atachimba choo hata kama ni cha futi tatu. Pale jembe lilitoa cheche. Hakuna choo, hakuna kisima, kwa sababu maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za lava na kupotea chini, basi kila mtu na Ziwa Kivu, kuchota palepale anapojisaidia mwenziwe. Katika mwezi mmoja walikufa watu wanaokadiriwa kuwa 50,000. Hata kuzika kulishindikana. Maiti zilikunjwa katika mikeka na kulazwa kando ya barabara, mpaka askari wa Ufaransa walipoleta mashine kubwa za kuchimba mashimo ya pamoja. Ni jiwe la zamani lililokuwa limepoa muda mrefu, nalo liliua zaidi ya milipuko yote iliyoandikwa ya mlima ule ukiijumlisha. Na mwaka uleule ziwa la lava lilionekana upya ndani ya kasoko.

Waliohamia upande wa Mugunga walikutana na jambo jingine, ambalo wenyeji walikuwa na jina lake kabla wataalamu hawajafika na vipimo: mazuku. Ni pepo mbaya inayoua mtu usiku bila kumgusa. Mbuzi anashuka kwenye kibonde kula majani, anapiga magoti kama anayesali, hainuki. Mchungaji anamfuata, naye anaanguka. Mazuku ni hewa ya kaboni inayovuja toka chini kupitia nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama kwenye mabonde kama maji, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haina rangi, haina harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto anayemshika mkono akakata roho, kwa sababu tu kichwa chake kiko chini. Nimewahi kusimuliwa kwamba watu wa huko humtanguliza kuku. Katika kambi za 1994 mgeni hakujua ni kibonde kipi kinakaa mazuku. Alitafuta mahali pasipo upepo ili mahema yasipeperuke, na mahali pasipo upepo ndipo penyewe.

Kisha Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002. Siku hiyo naikumbuka mwenyewe, kwa namna tuliyoishi nayo huku, yaani kwa sikio. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Lubumbashi tulikuwa upande wa Kinshasa, Goma ulikuwa mji mkuu wa waasi wa RCD, na mwenye ndugu kule alipaswa kuzungukia nchi za jirani ili kumfikia. Radio Okapi haikuwapo bado. Ilianza tarehe 25 Februari mwaka huohuo. Basi tulikaa uani na redio ya betri, tukigeuza kisahani kutafuta Kiswahili cha London au Kifaransa cha Paris, na kila sauti ilitupa idadi yake.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi ubavu wa kusini ulipasuka, na ufa ukashuka hatua kwa hatua toka mita 2,800 hadi kama mita 1,550, yaani mpaka ukingoni mwa mji wenyewe. Mtu wa Goma aliyekuwa anautazama mlima kileleni alishangaa kuona moto unatoka nyuma ya nyumba za jirani. Lava ilikata uwanja wa ndege, ikafunika theluthi ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikaingia katikati ya mji kwa upana wa mita 200 hadi 1,000, ikaichukua kathedrali, maduka, na mitaa ya watu, kisha ikamwagikia Ziwa Kivu huku maji yakipiga kelele na mvuke ukiziba mbingu. Karibu asilimia 13 ya mji ilikwisha. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba.

Lakini waliokufa walikuwa mia moja na ushei, katika mji wa watu zaidi ya 400,000. Kwa nini wachache hivyo, ikiwa 1977 kijiji kizima kilifutika kwa kufumba na kufumbua? Kwa sababu safari hii ziwa halikumwagika toka juu likiwa limejaa. Lava ilitoka chini, karibu na mji, katika mteremko mdogo, na ndani ya mitaa ilikwenda polepole. Watu waliweza kutembea mbele yake na godoro kichwani. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Anasema walipofika kona walisimama, wakageuka, wakaitazama ikiingia mlangoni mwao. Haikuvunja mlango. Mbao za ukuta ziliwaka kabla haijazigusa, na bati la juu likajikunja taratibu kama jani la tumbaku.

Walikwenda Gisenyi, karibu watu 300,000 kwa usiku mmoja. Huko matetemeko yakawafuata, nyumba za Gisenyi nazo zikaanguka, na wakuu wakataka kuwapeleka kwenye kambi ndani zaidi ya Rwanda. Watu wa Goma walikataa. Walikuwa wameona 1994 kambi ni kitu gani. Baada ya siku mbili tatu walianza kurudi, wakivuka lava ambayo ganda lake lilikuwa jeusi na ndani bado ni nyekundu. Soli za viatu ziliyeyuka. Walipita haraka haraka, mmoja nyuma ya mwingine, na aliyesimama kufunga kamba alikuwa anaitwa mwendawazimu.

Tarehe 21 Januari watu walijaa kwenye kituo kimoja cha mafuta kilichozungukwa na lava, wakichota petroli kwa madumu. Kituo kililipuka. Makumi ya watu waliungua hapohapo, sehemu kubwa ya waliokufa katika tukio zima. Ni rahisi kuwaita wezi. Mtu aliyepoteza kila kitu Alhamisi, akaambiwa Jumatatu kwamba dumu moja la petroli ni chakula cha wiki mbili, sijui mimi wa Ruashi ningemfundisha nini, sisi ambao kila msimu tunasikia shimo la wachimbaji wadogo limewafunika vijana waliojua kabisa kwamba linaweza kuwafunika.

Na je, hakuna aliyejua? Alikuwepo. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa Kikongo wa mambo ya matetemeko, alikuwa ameona tangu 2001, baada ya Nyamulagira kulipuka Februari mwaka ule, kwamba Nyiragongo unaanza kutikisika vibaya. Aliwaandikia wenzake wa nje. Kituo cha kuangalia volkano cha Goma, OVG, kilichoundwa 1986, kilikuwa na vipima-tetemeko viwili tu vinavyofanya kazi, katika eneo la vita, chini ya waasi, na watumishi wasiojua mshahara utatoka serikali ipi. Onyo lilitoka. Halikuwa na pa kufikia.

Kabla sijaendelea, neno juu ya Ziwa Kivu, maana mwaka ule wataalamu waliliogopa kuliko mlima. Kivu si ziwa kama mengine. Chini kabisa, hasa kuanzia mita 250 kwenda chini, maji yake yamebeba gesi iliyoyeyuka: kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani. Uzito wa maji ya juu ndio unaoibana, kama kifuniko cha chupa ya soda. Huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, ambalo ni dogo sana mbele ya Kivu, lilitikiswa likaachia gesi yake. Watu wapatao 1,700 walikutwa wamekufa katika nyumba zao, na ng'ombe wao malishoni. Kando ya Kivu wanaishi mamilioni. Lava ya 2002 iliingia majini lakini haikufika kina cha gesi, na ziwa likatulia. Rwanda imeanza kuivuna methani hiyo kwa umeme. Mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, ulizinduliwa 2016. Kwa mara moja hatari imewasha taa.

Miaka 19 ikapita. Mji ukajengwa juu ya lava na kwa lava. Mawe meusi yakawa ukuta, msingi, changarawe ya barabara, na chukudu, zile skuta za mbao, zikawa zinapita na magunia ya viazi vya Rutshuru, viazi vilivyonona kwa udongo uleule uliotokana na moto. Usiku wingu jekundu lilikaa juu ya kilele. Mgeni aliliogopa, mwenyeji alilitazama kama mtu anayeangalia kifua cha mgonjwa: maadamu kinapanda na kushuka, sawa. Ziwa la lava likiwa wazi, mlima unapumua.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, ulipasuka bila kuaga. Hata waangalizi walichukua muda kujua ni mlima upi, na habari za mwanzo zilisema ni Nyamulagira. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekwisha 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea vipimo toka milimani. Wengi walisema hapo ndipo penye kosa. Mimi pia nilisema hivyo, kwa sauti kubwa, kwenye kiti cha kinyozi. Baadaye wanasayansi waliochambua takwimu zote walieleza, mwaka 2022, kwamba mlima haukutoa dalili za kawaida hata kidogo: lava ilikuwa tayari iko juu, karibu na uso, ukuta uliochoka ukapasuka, na ishara za kwanza za wazi zilionekana dakika zipatazo 40 tu kabla ya moto. Kituo kilichofadhiliwa vizuri kingepata dakika hizo 40. Ni chache kwa kuhamisha mji, ni nyingi kwa kuhamisha kijiji cha Kibati, kilicho chini ya mlima.

Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Nyumba zaidi ya 3,000 ziliungua, karibu zote za watu wa kando, waliojenga pale kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei nafuu. Waliokufa walihesabiwa 32. Kuna waliogongwa na magari usiku ule wa kukimbia, na kuna waliokosa pumzi siku zilizofuata wakivuka lava ya moto kwenda upande wa pili. Tangi kubwa la maji la Buhene liliharibiwa, na watu wapatao nusu milioni wakakauka mabomba.

Kisha mlango mwingine. Mji ulipodhani yamekwisha, matetemeko yalianza, mamia kwa siku, nyufa zikafunguka barabarani, na vipimo vikaonyesha kwamba mawe yaliyoyeyuka hayakuishia Buhene. Yalikuwa yanatembea chini ya Goma yenyewe, kwa kina cha mita mia chache, kuelekea chini ya ziwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe mara moja. Watu wapatao 400,000 walishika njia ya Sake, ya Minova, ya Rutshuru, ya Rwanda. Watoto walipotezana na mama zao. Wengi walilala makanisani na shuleni Sake, wakinywa maji ya ziwa, na neno kipindupindu likarudi vinywani. Moto haukutoka. Mwamba ulioyeyuka uliganda chini kwa chini, na baada ya wiki mbili hivi watu wakaanza kurudi kwenye nyumba zilizopasuka.

Wingu jekundu juu ya kilele likawa limetoweka. Jirani yangu alinieleza, simu ikiwa sikioni mwake, akiongea na mdogo wake huku akinitafsiria, kwamba watu wa kwao sasa ndipo walipoanza kuogopa kweli. "Hauwake tena," alisema. "Hatujue uko nafanya nini."

Hayo ni ya milipuko. Kuna ya kila siku, ambayo magazeti hayana nafasi nayo. Nyiragongo ni miongoni mwa milima inayotoa gesi ya salfa nyingi kuliko yote duniani. Mvua ikipita katika moshi wake hushuka na tindikali, huchoma majani ya maharage, na kutoboa bati mapema. Kwa kuwa lava haishiki maji, watu wa vijiji kama Rusayo hunywa mvua inayokingwa kwenye paa hizohizo, nayo ina floridi nyingi. Ukimwona mtoto wa huko anacheka utaona meno yenye madoa ya kahawia. Si uchafu. Ni mlima.

Na tangu 2022, vita vya waasi wa M23 vilipopamba moto tena, mamia ya maelfu ya watu wa Rutshuru walishuka wakapiga mahema Kanyaruchinya, chini ya mlima, juu ya lava. Wengine walipelekwa Bulengo na Lushagala, upande wa mazuku. Jembe likatoa cheche tena. Kipindupindu kikaja tena. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe iliangukia mikononi mwa M23, kambi zikavunjwa, na uwanja wa ndege ambao lava ya 2002 iliupunguza urefu ukafungwa na watu.

Jirani yangu humpigia mdogo wake Jumapili baada ya misa. Huanza na salamu, halafu risasi, halafu bei ya samaki wa sambaza, halafu shule za watoto. Lava inaonekana tena ndani ya kasoko siku hizi, na swali la mwisho huwa ni lilelile. Jumapili iliyopita nilikuwa uani kwake nikingoja anirudishie pampu ya baiskeli, miguu yake ikiwa kwenye karai, jiwe mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Na mulima?" aliuliza. "Usiku muliona?"

Sauti ndogo ilitoka kwenye simu, nami niliisikia wazi: "Yaya, uko unawaka."

"Asante Mungu," akasema, akainama kuendelea na kisigino cha kushoto.